Kubadilisha orodha ya ENUM bila kusimamisha kazi: kutoka hali ya mzigo hadi majimbo 26

Safuwima ya aina ya ENUM huonekana kuwa jambo dogo: orodha fupi ya maneno yanayoruhusiwa, na hifadhidata hukataa neno lolote lisilokuwamo. Taabu huanza siku orodha inapotakiwa kubadilika huku watu wakiwa kazini, kwa sababu maneno yale yale yamo pia katika msimbo wa seva, katika simu za mawakala, katika ripoti ya mhasibu, na pengine katika faili ambalo mteja hutumiwa kila jioni. Mwongozo huu unafuata mfumo wa kupokea na kukabidhi mizigo hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye bohari katika komini ya Kenya na mawakala huko Kasumbalesa mpakani. Mifano mingi ni ya PostgreSQL, na MySQL ina sehemu yake mbele, kwa kuwa mitego yake ni mingine.

Hatua ya kwanza: jua unabadilisha nini hasa

Kabla ya kuandika migresheni yoyote, yaani hati ya amri za kubadilisha hifadhidata, amua badiliko lako ni la namna gani, kwa sababu kila namna ina hatari yake. Kuongeza neno jipya ni kazi nyepesi. Kubadilisha jina la neno ni kwepesi kwa hifadhidata na kugumu kwa programu. Kuondoa neno ni kugumu kote kuwili. Na kuligawa neno moja kuwa maneno kadhaa si kazi ya skima (muundo wa hifadhidata) tena, ni kazi ya data, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa ya maelezo haya.

Majimbo yetu yanatoa mfano wa namna zote hizo. Hifadhidata niliyorithi ilianzishwa wakati nchi ingali na majimbo 11 pamoja na Kinshasa, na safuwima ya jimbo iliandikwa kama ENUM ya maneno 11, kana kwamba orodha ile ingedumu milele, ingawa Katiba ya 2006 ilikuwa tayari imetaja 26. Mwaka 2015 mgawanyo ulitekelezwa. Bas-Congo ikabadilishwa jina kuwa Kongo Central: hilo ni badiliko la jina tu. Katanga ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika: huo ni mgawanyiko, na neno la zamani halina mrithi mmoja. Lakini mtego mkubwa uko Équateur na Kasaï-Oriental, kwa kuwa majina hayo yalibaki huku maana yake ikipungua. Mzigo wa Gbadolite ulioandikwa "Équateur" ulikuwa sahihi kabla ya 2015. Leo Gbadolite iko Nord-Ubangi. Migresheni inayonakili neno kama lilivyo itapita bila kosa lolote kuonekana, na data itakuwa na uongo ndani yake.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika maneno ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili, kisha chora mishale. Pale ambapo neno moja linatoa mishale miwili au zaidi, hakuna amri ya ALTER itakayokusaidia. Unahitaji kigezo kingine cha kuamua, na kwetu kigezo hicho kilikuwa mji.

Hatua ya pili: tafuta wote wanaoitegemea orodha

Anza na hifadhidata yenyewe. Amri hizi mbili zinaonyesha maneno yaliyomo kwa mpangilio wake, na safuwima zote zinazotumia aina hiyo:

```sql
SELECT enumlabel, enumsortorder
FROM pg_enum
WHERE enumtypid = 'hali_mzigo'::regtype
ORDER BY enumsortorder;

SELECT table_schema, table_name, column_name
FROM information_schema.columns
WHERE udt_name = 'hali_mzigo';
```

Usisahau faharasa (index) zenye sharti la WHERE, mionekano (view) iliyohifadhiwa, vichocheo (trigger) na thamani za msingi (default). Mwonekano unaoisoma safuwima utaizuia PostgreSQL kubadilisha aina ya safuwima hiyo mpaka uuondoe na kuuunda upya. Baada ya hapo pekua msimbo wote kwa kutafuta maneno yenyewe, kwa maana mara nyingi neno "umechukuliwa" huwa limeandikwa kwa mkono mahali ambapo hakuna anayekumbuka.

Kisha ziko simu. Wakala wa Kasumbalesa anaweza kukaa siku mbili bila mtandao wa kueleweka, akijaza fomu ambazo zitatumwa atakapoupata, na fomu hizo zitakuja na maneno ya toleo la zamani. Mpango wowote unaochukulia kwamba watumiaji wote watahamia toleo jipya usiku mmoja haujafikiriwa vya kutosha.

Hatua ya tatu: kuongeza neno

Tuseme orodha ya hali ina maneno manne, "umepokelewa", "njiani", "umefika" na "umechukuliwa", na bohari inataka kuonyesha mizigo iliyozuiliwa forodhani kabla ya kuanza safari ya Lubumbashi:

```sql
ALTER TYPE hali_mzigo ADD VALUE IF NOT EXISTS 'forodhani' BEFORE 'njiani';
```

Amri hii haiandiki upya jedwali; inaongeza mstari katika katalogi tu, hata kama jedwali lina mamilioni ya mizigo. BEFORE na AFTER zina maana, kwa kuwa PostgreSQL hupanga ENUM kwa mpangilio wa orodha, wala si kwa alfabeti. Ukiliacha neno jipya mwishoni, ripoti inayotumia ORDER BY itaonyesha mizigo ya forodhani baada ya ile iliyokwisha kuchukuliwa, na masharti kama `hali < 'umefika'` yataikosa.

Mambo mawili yanawashika wengi hapa. La kwanza ni kwamba kabla ya PostgreSQL 12 amri hii haikukubaliwa ndani ya muamala (transaction, kundi la amri zinazothibitishwa au kurudishwa nyuma kwa pamoja), ilhali zana nyingi za migresheni hufungua muamala zenyewe. Kwa matoleo hayo ni lazima uiambie zana yako iiendeshe nje ya muamala, na Alembic, kwa mfano, ina `autocommit_block` kwa kazi hiyo. Kuanzia toleo la 12 inakubaliwa, lakini neno jipya haliwezi kutumika mpaka muamala uthibitishwe. Kwa sababu hiyo usiunganishe katika migresheni moja kuongeza neno na UPDATE inayolitumia, ziandike mbili.

La pili ni kwamba hakuna DROP VALUE. Neno likishaingia limeingia. Sehemu ya kurudi nyuma katika migresheni yako haiwezi kuliondoa, na ni afadhali iseme hivyo waziwazi kuliko kujifanya inaweza.

Mpangilio wa kutoa matoleo pia ni muhimu: kwanza programu zote zijue kulisoma neno jipya bila kuanguka, kisha hifadhidata ilikubali, na mwisho ndipo programu ianze kuliandika. Ukigeuza mpangilio huu, simu ya zamani itapokea neno isilolijua, na kama msimbo wake hauna njia ya kushughulikia hali isiyojulikana, skrini itabaki nyeupe.

Kuhusu kubadilisha jina

Tangu PostgreSQL 10 kuna `ALTER TYPE ... RENAME VALUE 'bas-congo' TO 'kongo-central'`, na hukamilika papo hapo. Uzuri wake ndio hatari yake, kwani kuanzia sekunde hiyo programu yoyote inayotuma neno la zamani itakataliwa. Mimi huitumia kwa mifumo ya ndani tu, ambako programu ni moja nami ndiye ninayeiendesha. Kwingineko naongeza neno jipya, nahamisha data, na neno la zamani naliacha likae bila kutumika.

Hatua ya nne: kuondoa au kugawa maneno

Njia fupi ambayo utaikuta imeandikwa kila mahali ni hii:

```sql
ALTER TABLE mizigo
  ALTER COLUMN jimbo TYPE jimbo_jipya
  USING jimbo::text::jimbo_jipya;
```

Kwa jedwali dogo, usiku, haina ubaya, mradi kwanza uondoe thamani ya msingi na kuirudisha baadaye, kwa kuwa PostgreSQL haitaigeuza yenyewe. Kwa jedwali kubwa ni jambo jingine. Amri hii huandika upya jedwali lote pamoja na faharasa zake, na muda wote huo hushika kufuli kali kuliko zote, ACCESS EXCLUSIVE, ambayo haimruhusu mwingine hata kusoma.

Zaidi ya hapo, madhara huanza kabla amri yenyewe haijaanza kazi. Niliwahi kuiendesha alasiri ya siku ya mwisho wa mwezi, katika jedwali ambalo nililiona dogo. Mhasibu alikuwa amefungua ripoti ndefu, ambayo ilikuwa ikilisoma jedwali lile lile. ALTER yangu ikasimama nyuma ya ripoti ile ikingoja kufuli, na kila ombi jipya likasimama nyuma ya ALTER, kwa sababu foleni ya kufuli haimruhusu aliyechelewa kumpita aliyetangulia. Dakika mbili hazikupita, simu ikalia kutoka kaunta ya bohari: "Yaya, mashini inakatala kabisa, na watu wamejaa." Jedwali halikuwa limeguswa hata kidogo. Nilichotakiwa kuandika mwanzoni ni mstari mmoja:

```sql
SET lock_timeout = '3s';
```

Kwa mstari huo, amri isipopata kufuli ndani ya sekunde tatu hujiondoa, foleni hufunguka, nawe unajaribu tena baadaye. Uweke mwanzoni mwa kila migresheni inayogusa jedwali lenye watumiaji.

Kwa kazi ya majimbo, ambako neno moja linakuwa manne, njia ya USING haifai kwa vyovyote. Badala yake ongeza safuwima ya pili, ijaze polepole, kisha uiache ya kwanza ife yenyewe. Jina la safuwima mpya lichague vizuri tangu mwanzo. Wengi hupenda kumalizia kwa kubadilishana majina ili safuwima mpya iitwe kama ya zamani, na nukta hiyo ya kubadilishana ndiyo inayovunja programu ambazo hazijasasishwa. Jina la tofauti halimgharimu mtu kitu.

```sql
CREATE TYPE aina_jimbo_26 AS ENUM (
  'haut-katanga', 'lualaba', 'haut-lomami', 'tanganyika'
  -- hapa ongeza mengine 22
);

SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE mizigo ADD COLUMN jimbo_26 aina_jimbo_26;

CREATE TABLE ramani_majimbo (
  mji   text PRIMARY KEY,
  jimbo aina_jimbo_26 NOT NULL
);

INSERT INTO ramani_majimbo VALUES
  ('Lubumbashi', 'haut-katanga'),
  ('Likasi',     'haut-katanga'),
  ('Kolwezi',    'lualaba'),
  ('Kamina',     'haut-lomami'),
  ('Kalemie',    'tanganyika');
```

Safuwima isiyo na thamani ya msingi na inayokubali NULL huongezwa bila jedwali kuandikwa upya, kwa hiyo kufuli hushikwa kwa muda mfupi mno. Jedwali la ramani ndiyo ile karatasi yako ya mishale, sasa ikiwa mahali ambapo wengine wanaweza kuisoma na kuisahihisha.

Kinachofuata ni kuhakikisha kwamba mizigo mipya, hata inayotoka katika programu za zamani zisizojua lolote kuhusu safuwima mpya, inapata jimbo lake:

```sql
CREATE FUNCTION weka_jimbo() RETURNS trigger
LANGUAGE plpgsql AS $$
BEGIN
  NEW.jimbo_26 := (SELECT r.jimbo FROM ramani_majimbo r
                   WHERE r.mji = NEW.mji);
  RETURN NEW;
END $$;

CREATE TRIGGER mizigo_weka_jimbo
BEFORE INSERT OR UPDATE OF mji ON mizigo
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION weka_jimbo();
```

Kichocheo lazima kitangulie ujazaji wa data ya zamani. Ukijaza kwanza na kuweka kichocheo baadaye, mizigo itakayoingia katikati itabaki tupu, nawe hutajua ni mingapi.

Ujazaji ufanywe kwa mafungu, kila fungu likiwa na muamala wake:

```sql
UPDATE mizigo m
SET jimbo_26 = r.jimbo
FROM ramani_majimbo r
WHERE r.mji = m.mji
  AND m.jimbo_26 IS NULL
  AND m.id BETWEEN 1 AND 5000;
```

Sharti la `IS NULL` lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa, fungu lililokuwa likiendelea hurudishwa nyuma lote, yaliyothibitishwa hubaki, na ukiianza upya hati ile ile itayaruka yaliyokwisha kujazwa. UPDATE moja kubwa ya mistari yote ingepoteza kazi yote ya saa nzima. Ukubwa wa fungu upime mwenyewe: anza na elfu chache, tazama muda, pumzisha kidogo kati ya fungu na fungu ili kaunta isihisi uzito.

Hatua ya tano: mabaki

Mafungu yakiisha, uliza ni nini hakikupata jimbo:

```sql
SELECT mji, count(*)
FROM mizigo
WHERE jimbo_26 IS NULL
GROUP BY mji
ORDER BY count(*) DESC;
```

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo kazi halisi ilipo. Orodha ya majibu ilileta "L'shi", "LUBUMBASHI" kwa herufi kubwa, "Lubumbashi" yenye nafasi tupu mwishoni, "Kasumba" kwa ajili ya Kasumbalesa, na mizigo kadhaa ambayo mahali pa mji paliandikwa jina la komini: Ruashi, Katuba, Kampemba. Usiyakisie. Keti na mtu wa bohari aliyezoea kuandika maneno hayo, pitieni orodha pamoja, na kila uamuzi uingie katika `ramani_majimbo` kama mstari mpya, kisha endesha mafungu tena. Mizigo ambayo kweli haijulikani ilikotoka iachwe NULL, au uwe na neno "haijulikani" katika orodha mpya. Kuisukumia Haut-Katanga kwa sababu mingi inatoka huko ni kuharibu takwimu za watu wengine.

Ikiwa umeamua kwamba kila mzigo lazima uwe na jimbo, sharti hilo nalo liwekwe kwa hatua, kila amri katika muamala wake:

```sql
ALTER TABLE mizigo
  ADD CONSTRAINT jimbo_26_lipo
  CHECK (jimbo_26 IS NOT NULL) NOT VALID;

ALTER TABLE mizigo VALIDATE CONSTRAINT jimbo_26_lipo;

ALTER TABLE mizigo ALTER COLUMN jimbo_26 SET NOT NULL;
```

Amri ya kwanza hulinda mistari mipya mara moja bila kukagua ya zamani. Ya pili hukagua ya zamani huku watu wakiendelea kusoma na kuandika. Ya tatu, kuanzia PostgreSQL 12, hutambua kwamba sharti lililothibitishwa lipo na hairudii kukagua jedwali lote. Zingatia lakini kwamba kuanzia amri ya kwanza mji ulioandikwa vibaya utakataliwa kaunta, kwa hiyo kwanza fanya fomu itoe orodha ya kuchagua badala ya kisanduku cha kuandika.

Kwa wanaotumia MySQL

Katika MySQL orodha ni sehemu ya safuwima yenyewe, na kila neno huhifadhiwa kama namba ya nafasi yake. Kwa hiyo neno jipya liongezwe mwishoni, na MySQL ilazimishwe kukataa ikiwa haiwezi kufanya kazi hiyo papo hapo:

```sql
ALTER TABLE mizigo
  MODIFY COLUMN hali ENUM('umepokelewa','njiani','umefika',
                          'umechukuliwa','forodhani')
  NOT NULL DEFAULT 'umepokelewa',
  ALGORITHM=INSTANT;
```

Ukiliweka neno katikati, MySQL italazimika kunakili jedwali zima, na bila ALGORITHM=INSTANT itafanya hivyo kimya kimya huku ikizuia maandishi. Njia ya INSTANT inahitaji MySQL 8.0. Mpangilio wa ripoti utatuliwe ndani ya swali kwa FIELD(), wala usiuchezee katika orodha. Angalia pia kwamba MODIFY huandika ufafanuzi wote wa safuwima upya: ukisahau NOT NULL au DEFAULT, vimepotea.

Kuondoa neno ambalo bado lina mistari kutaleta kosa ikiwa hali kali ya SQL (strict mode) imewashwa, kama ilivyo kwa kawaida tangu toleo la 5.7. Katika seva za zamani ambazo mtu aliizima ili programu fulani ifanye kazi, mistari hiyo hugeuzwa kuwa maandishi matupu yenye namba 0, bila kosa lolote. Kwa seva kama hiyo, kabla na baada ya kazi endesha `SELECT count(*) FROM mizigo WHERE hali = 0;`. Kumbuka vilevile kwamba kila ALTER ya MySQL huthibitisha muamala uliopo, kwa hiyo migresheni yenye amri tatu inayokwama kwenye ya pili itakuachia skima ya nusu.

Je, ENUM ilistahili?

Kwa hali ya mzigo naiona inafaa, kwa kuwa kila neno jipya hudai msimbo mpya hata hivyo. Kwa majimbo haikufaa tangu mwanzo: orodha inayobadilishwa na bunge wala si na mtengeneza programu ikae katika jedwali lake, na safuwima iwe ufunguo wa kigeni (foreign key) unaoelekeza huko. Kwa sarafu, ambazo kwetu ni faranga na dola, naona safuwima ya maandishi yenye sharti la CHECK inatosha, kwa sababu sharti huondolewa na kuwekwa jingine kwa NOT VALID bila jedwali kuandikwa upya. Kwa Laravel, kiunzi cha programu za PHP, juu ya PostgreSQL ndivyo `enum()` inavyofanya kwa ndani, kwa hiyo usishangae ukitafuta aina katika pg_enum na kuikosa. Django, kiunzi cha Python, kwa upande wake haiweki chochote katika hifadhidata kwa ajili ya `choices`. Ulinzi wote uko katika programu.

Hatua ya mwisho: kuondoa cha zamani

Subiri mpaka kumbukumbu za seva zionyeshe kwamba hakuna toleo la zamani lililotuma fomu kwa muda unaoridhisha. Mimi husubiri mwezi mzima, ili ripoti ya mwisho wa mwezi ipite walau mara moja. Kama safuwima ya zamani ina NOT NULL, iondolee sharti hilo kabla ya kutoa toleo lisiloiandika, la sivyo kila mzigo mpya utakataliwa. Toleo jipya likishaanza kuandika `jimbo_26` lenyewe, ondoa kichocheo, kisha yaliyobaki, bila kuandika CASCADE popote:

```sql
SET lock_timeout = '3s';
DROP TRIGGER mizigo_weka_jimbo ON mizigo;
DROP FUNCTION weka_jimbo();
ALTER TABLE mizigo DROP COLUMN jimbo;
DROP TYPE aina_jimbo;
```

DROP TYPE ikikataa, soma ujumbe wake kwa utulivu: unataja kitu ambacho bado kinaitegemea aina ya zamani, na kwangu kilikuwa jedwali la nakala ambalo mtu alilitengeneza 2014 na kulisahau.